Ubao wa Mgonjwa

Karakana ile ilitengeneza viti vya kila aina: vya mezani, vya ofisini, vya ukumbini, na vile vya kubembea ambavyo watu huwanunulia wazazi wao ili wapate pa kuwaweka. Mbao ziliingia zikiwa chafu, zikatoka zikiwa viti vinavyong'aa vanishi, na katika safari hiyo yote hakuna fundi aliyeruhusiwa kukalia hata kimoja. Kiti ni cha mteja, alisema fundi mkuu. Fundi akikaa, kazi nayo inakaa. Ndiyo maana mafundi walimwita Simama, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye mbele ya macho yake, na mwishowe hata mkewe akawa anasahau kwamba mumewe alipewa jina jingine siku alipozaliwa.

Simama alikuwa mtu mwema. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa kuwa madhara mengi hufanywa na watu wema waliokosa wa kuwabishia. Hakulewa, hakuchukua hata msumari usio wake, hakumdanganya mteja kuhusu aina ya mti. Alifika kazini wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kosa lake lilikuwa moja: aliamini kwamba ugonjwa ni tabia, na tabia hurekebishwa.

Kwa imani hiyo akatunga sheria. Karibu na mlango, kwenye meza ya kukatia, palikaa ubao mnene wa mti mgumu, na juu yake msumeno wa mkono. Fundi aliyekuja asubuhi akisema anaumwa aliambiwa akate kipande kimoja, kutoka ukingo huu hadi ule. Akishindwa, ni mgonjwa. Aende nyumbani, Mungu amponye. Akimaliza, basi ana nguvu za kukata ubao, na mwenye nguvu za kukata ubao ana nguvu za kutengeneza kiti. Waliuita ubao wa mgonjwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kabla ya ubao, karakana ilikuwa na homa, mafua, kuharisha na maumivu ya mgongo kama karakana nyingine yoyote. Baada ya ubao, magonjwa yalikoma. Kila aliyeanza kukata alimaliza, kwa sababu wenzake walisimama wakimtazama, na ni mwanamume gani atakayeacha msumeno umekwama katikati ya ubao mbele za watu? Walimaliza wakitetemeka, wakafuta jasho la baridi, wakaenda kwenye meza zao. Simama aliwaambia wageni kwamba karakana yake haina wagonjwa. Alisema kweli. Ilikuwa na watu wanaoumwa tu.

Nyumbani alikuwa na mtihani mwingine, na huo haukukatika kwa msumeno. Alikuwa na shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa kiume wa mkewe, karani wa ofisi ya maji, mtu mnene, mpole, mwenye kipaji cha kusinzia mahali popote penye pa kuegemea. Kila Jumapili alikuja kula kwa dada yake. Jumapili moja alikuja na mafua, akapiga chafya juu ya meza, na kabla wiki haijafika katikati nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Dada mtu, aliyekuwa mshonaji, alikohoa kwenye cherehani yake kwa muda akapona. Shemeji akaenda kulala. Simama akaenda kazini na homa yake.

Jioni moja alipita kwa shemeji kumwona, yaani kumsuta.

"Shemeji, kitandani unafanya nini na jua bado liko juu?"

"Naumwa, shemeji."

"Unaumwa nini?"

"Mafua. Na homa, na viungo vyote."

"Mafua nayo ni ugonjwa?"

"Kwangu ni ugonjwa. Kwako naona yamekuja kutembea tu."

"Mimi nimetoka kazini sasa hivi. Nina mafua hayo hayo, uliyaleta mwenyewe mezani kwangu."

"Pole. Daktari kaniambia nilale, ninywe maji, nisiguse kazi mpaka homa ishuke."

"Na wewe ukatii."

"Shemeji yangu, ni mara ngapi katika maisha mtu anaamriwa kufanya jambo analolipenda?"

Shemeji hastahili sifa kwa hilo. Homa yake ilishuka, na yeye akaendelea kulala siku kadhaa ambazo hakuna daktari angezitambua. Lakini alipoinuka, aliinuka mzima. Simama, kwa upande wake, alikwenda kazini kila siku, akimeza vidonge vya maumivu vya dukani kwa chai, akipiga randa macho yakiwa mekundu kama pilipili. Mafua yalipomwacha alitangaza kwamba yamefukuzwa na kazi.

Yalikuwa yameondoka puani tu. Baada ya muda mfupi Simama alianza kusikia kitu kikimbana kifuani, hasa alipolala chali. Moyo ulipiga haraka bila sababu, ukaruka pigo moja, ukarudi na kishindo. Nyumba yao ilikuwa nyembamba, sebule na jiko chini, chumba cha kulala juu, na zile ngazi chache alizozipanda miaka yote sasa alizipanda kwa vituo.

"Baba, mbona unahema kama umekimbizwa?" mkewe alimuuliza.

"Ngazi hizi zimejengwa vibaya."

"Zilijengwa vibaya wiki hii?"

Akaenda duka la dawa. Muuzaji alimsikiliza huku akihudumia wengine wawili, akamwambia ni gesi, akampa chupa ya dawa nyeupe. Simama alirudi amechangamka. Gesi hakuihesabu kuwa ugonjwa. Aliihesabu kama hali ya hewa.

Asubuhi ambayo mambo yaliharibika, mkewe alimwambia, "Leo baki." Hakubaki. Kazini mafundi walimwona ameshika ukingo wa meza, midomo imepauka, mguu mmoja wa kiti mbele yake haujaguswa. Wote walijifanya hawaoni, isipokuwa fundi wa vanishi. Huyu waliyemwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake ndiye aliyekuwa na uhuru wa kusema. Vanishi yake ilikuwa nzuri mno kufukuzwa.

"Fundi, unaumwa."

"Nani anaumwa?"

"Mimi sijui. Si tuna ubao hapa? Ndio unaojua."

Mtu mwenye akili angecheka akaenda nyumbani. Simama alikuwa na akili, lakini alikuwa na msimamo pia, na vitu viwili hivyo vikigombana ndani ya mtu mmoja, mara nyingi kinachoshinda ni kile chenye sauti kubwa. Akaenda mlangoni, akavua koti, akachukua msumeno. Alikata vizuri. Hilo mafundi walilikumbuka baadaye: mstari ulikuwa umenyooka. Alikata bila kupumzika, mishipa ya shingo imemtoka, uso umekuwa rangi ya majivu, mpaka kipande kikaanguka sakafuni. Yeye mwenyewe akakifuata.

Mafundi wakamzunguka. Kilichofuata hapo kingeweza kutokea katika karakana ile tu. Kwa sheria waliyoizoea, mtu yule aliyelala kwenye vumbi la mbao hakuwa mgonjwa.

"Amemaliza ubao," alisema mchonga miguu ya viti, akiangalia kipande.

"Ameumaliza, naam."

"Basi haumwi."

"Haumwi, ila hainuki."

"Labda anapumzika."

"Huyu? Lini ulimwona?"

"Nyinyi ni watu au ni magogo?" alisema Msasa. "Leteni kiti."

Wakamkalisha kwenye kiti kipya ambacho vanishi yake haikuwa imekauka. Simama alifumbua macho, akatazama alipo, akajaribu kuinuka. "Hiki ni cha mteja," alinong'ona. Walimbeba na kiti chake mpaka kwenye gari.

Hospitalini madaktari waliogopa kwanza kwamba mshipa wa moyo umeziba. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yaliyovurugika, na katika damu walikuta protini ambayo huvuja pale misuli ya moyo inapoumia. Lakini walipopiga picha ya mishipa, ilikuwa safi. Ultrasaundi ikaonyesha moyo uliotanuka, unaosukuma damu kwa kama nusu ya uwezo wake. Akaingizwa kwenye mashine kubwa ya sumaku, akaambiwa asijitikise, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko sindano zote. Mwishowe daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alikuja kukaa kando ya kitanda. Mkewe alikuwapo.

"Baba, wiki chache zilizopita uliumwa nini?"

"Sijaumwa."

"Alikuwa na mafua na homa kali," alisema mkewe.

"Mafua si..."

"Baba, mwache mama aseme."

Mama akasema yote: homa, vidonge, ngazi, dawa nyeupe ya gesi, ubao. Kwenye ubao daktari alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri.

"Misuli ya moyo wako imevimba," alimwambia Simama. "Kuna njia nyingi za kufika hapo. Wengine ni bakteria, wengine ni sumu au dawa fulani, wengine kinga ya mwili wao inawageuka bila sababu tunayoijua. Mara nyingi ni virusi, na wewe naona ni hivyo. Vile vilivyokupa mafua vilishuka mpaka kwenye moyo. Kinga yako ikavifuata huko kupigana, na moyo ndio uliokuwa uwanja wa vita."

"Mdogo wake mke wangu aliumwa yale yale. Ni mzima."

"Wengi hupona hivyo. Nani moyo wake utaguswa na nani ataachwa, hatuwezi kujua mapema."

"Kwa hiyo si kazi iliyoniumiza." Alimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kazi haikuleta ugonjwa. Lakini moyo uliovimba ukilazimishwa, unazidi kuchoka, na mapigo yakivurugika unaweza kuzimika ghafla. Ule ubao ungeweza kukuua mahali pale pale. Hao mafundi wako walikuwa wakikata na homa?"

Simama alivuta shuka mpaka kifuani.

"Dawa yake ni ipi?" aliuliza.

"Nitakupa za kuupunguzia moyo mzigo, na ya kutoa maji yanayojaa miguuni. Vidonge vile vya dukani acha, kwa hali yako vina madhara. Dawa ya kuviua hivi virusi vyenyewe hatuna. Kilichobaki ni kupumzika."

"Kupumzika mpaka lini?"

"Miezi. Hunyanyui, husukumi, hukati, hupigi randa. Kisha tunapiga picha tena. Moyo ukirudi, unarudi kazini."

"Na usiporudi?"

"Useremala utakuwa umekwisha. Ukiulazimisha, na wewe pia."

"Sasa nitakuwa nafanya nini?"

"Utakaa."

Hakuna hukumu nyingine ambayo ingemfika vile. Alirudi nyumbani akawekwa kwenye kiti cha mikono, kazi ya mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo alipogundua kwamba kilikuwa kirefu kidogo kuliko inavyotakiwa; paja linabanwa. Alikuwa ameuza mamia ya viti kama kile. Hakuwahi kukaa kwenye hata kimoja muda wa kutosha kulijua hilo.

Shemeji alianza kuja kila alipotoka ofisini. Alimkagua mgonjwa kama mkuu wa chuo anavyomkagua mwanafunzi dhaifu.

"Shemeji, hukai hivyo. Umekaza mabega kama unasubiri kuitwa."

"Nakaa nijuavyo."

"Hujui. Egemea. Acha mikono. Sasa usifikirie kitu."

"Nifikirie nini basi?"

"Hapo ndipo penye ufundi. Mimi ilinichukua miaka."

Mkewe alicheka kwenye cherehani. Simama hakucheka. Alikuwa anasikia, kutoka mtaa wa pili, mashine ya karakana ikiunguruma bila yeye.

Siku mkewe na shemeji walipokwenda sokoni pamoja, alitoka. Alijiambia anakwenda kusalimia tu. Karakanani aliona mguu wa kiti umepigwa randa vibaya, akachukua randa kuonyesha, akaonyesha mguu mmoja, kisha wa pili ili ufanane na wa kwanza. Alirudi nyumbani taratibu, akakaa kama alivyofundishwa. Siku chache baadaye viatu vilikuwa haviingii miguuni na usiku hakuweza kulala ila kwa mito mitatu.

"Ulifanya kazi?" daktari alimuuliza.

"Nilipita tu pale kazini."

"Ulipita na nini mkononi?"

"Randa."

Daktari hakufoka. Aligeuza kioo cha ultrasaundi ili naye auone moyo wake, kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua kama mkono wa mtu aliyechoka kukamua nguo. "Mara ya mwisho ulikuwa umeanza kupata nguvu. Sasa umerudi nyuma. Nakuongezea dawa, lakini sina dawa ya randa. Kuanzia leo hata ngazi usipande. Kitanda kishushwe sebuleni. Ukiurudisha nyuma tena, baba, sitaweza kukuahidi kitu."

Simama alipinga jambo moja tu: kulala sebuleni. Sebuleni hulala wageni na mahututi, alisema. Mkewe akamwambia achague yupi kati ya hao wawili.

Wiki ile ile mafundi walikuja kumwona. Waliingia kwa msururu, wakasimama ukutani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukaa mbele yake, na hakuna aliyejua pa kuweka macho mbele ya Simama aliyeketi. Msasa aliongea kwa niaba ya wote.

"Kazi inaendelea, fundi. Tatizo ni moja. Mchonga miguu ana homa tangu jana. Kakata ubao, kamaliza, tumembakiza kazini. Leo kaja na homa tena."

"Amekata tena?"

"Ndiyo tunauliza. Sheria ni yako. Akate kila siku, au moja inatosha?"

Walisubiri. Mchonga miguu mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amebaki karakanani akilinda, maana ndiye aliyekuwa mgonjwa lakini si mgonjwa. Kuliondoa neno lililosemwa kwa miaka mingi ni kazi nzito, na daktari alikuwa amekataza kazi nzito. Simama alitazama miguu yake iliyovimba ndani ya soksi zisizo na viatu.

"Mwambieni aende nyumbani."

"Akate kwanza?"

"Aende nyumbani."

"Arudi lini?"

"Homa ikishuka. Na siku mbili tatu juu yake."

Mafundi walitazamana. Mmoja alikohoa, akafunika mdomo haraka kama mtu aliyeficha kosa, kisha akakumbuka kwamba huenda si kosa tena, akakohoa vizuri. Walipotoka, walisikika wakibishana njiani kama fundi amepona au amezidiwa.

Kushusha kitanda kulihitaji nafasi, na nafasi yote ya sebule ilikuwa imechukuliwa na kabati. Simama alilitengeneza mwaka alipooa, la mti ule ule mgumu wa ubao, bila msumari hata mmoja, na taji la nakshi juu ambalo watu wa mtaa walikuja kulitazama. Tangu hapo hakuna aliyelisogeza ila yeye. Jumamosi mkewe alikunja mikono ya nguo, akaita kaka yake.

"Mimi na wewe, twende."

"Sisi wawili?" Shemeji alilitazama kabati kama mtu anavyotazama mlima aliosikia habari zake. "Dada, hili lina uzito wa ofisi yetu yote."

"Ofisi yenu haina uzito. Shika."

Simama alikuwa kwenye kiti chake. Waliinamisha kabati; shemeji alilishika mahali pasipostahili kushikwa, mkono mmoja kwenye nakshi.

"Si hapo," alisema Simama. "Chini. Shika chini."

"Chini pana nini?"

"Pana kabati."

Wakasogea hatua, wakatua. Wakasogea tena. Shemeji alikuwa anatokwa na jasho, labda kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na alisema hivyo mwenyewe. Kwenye mlango wa nyuma kabati lilikwama. Mkewe alisukuma, shemeji akavuta, na kona ya taji ikagota kwenye fremu, ikatoa sauti ya mti kupasuka, sauti ambayo seremala huisikia meno yakimuuma.

Simama alikuwa tayari ameinuka nusu. Magoti yamekunjuka, mikono imeshika kingo za kiti, mwili umeelekea mlangoni. Mkewe alimwona. Hakumkataza. Alisimama tu bega likiwa chini ya kabati, akimtazama usoni, akihema.

Kifuani moyo ulipiga, ukaruka, ukapiga. Kabati lilikuwa linateleza kidogo kidogo kwenye mikono ya mtu asiyejua kubeba. Angeweza kulinyoosha kwa msukumo mmoja. Alijua hasa mahali pa kuweka bega.

Akakaa. Hakukaa kwa heshima. Aliporomoka kitini kama mzigo uliotupwa, akaingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia.

"Rudisheni nyuma kidogo," alisema. "Shemeji, teremsha upande wako. Zaidi. Sasa geuzeni kushoto."

"Kushoto kwangu au kwa dada?"

"Kwa kabati."

Kabati likazunguka, likalalamika kwenye fremu, likaacha mkwaruzo mrefu mlangoni, likapita. Shemeji aliketi sakafuni pale pale, miguu imenyooka, akatangaza kwamba sasa na yeye ana ugonjwa wa moyo. Mkewe aliokota kipande cha nakshi kilichovunjika, chenye jani moja na nusu ya ua, akakileta akakiweka mkononi mwa mumewe.

Alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mpasuko. Ulikuwa mpasuko safi. Gundi kidogo, kibano, msasa laini.

"Nitakuwekea mahali pazuri," alisema mkewe. "Utakitengeneza ukipona."

Simama alikitazama tena kile kipande. Kisha akamrudishia.

"Mpelekee Msasa," alisema. "Mwambie asiharakishe."